Pikapu Mbovu Kununuliwa Tena: Si Sadaka, ni Deni

Mtu akinunua jembe dukani, na siku ya kwanza ya kulima akakuta lina ufa, hurudi kwa muuzaji akiwa na haki yake mkononi. Haendi kuomba, bali huenda kudai. Lakini itakuwaje kitu chenyewe kikiwa si jembe la shilingi chache, bali ni gari la mizigo ambalo mtu amelikopea fedha za miaka mingi, na ufa wenyewe hauonekani kwa macho, nao waweza kumwua yeye pamoja na mpita njia asiyehusika? Na itakuwaje mtengenezaji mwenyewe akija na kusema: nirudishie gari langu, nami nitakupa fedha?

Swali hili liliwafikia maelfu ya wenye pikapu huko Marekani mwaka 2015. Twataka kulieleza hapa kwa urefu, maana ndani yake mna mafunzo kwa kila mwanachama na kila mfanyakazi anayepata riziki yake kwa usukani.

MAMBO YALIVYOKUWA

Ram ni pikapu kubwa ya Kimarekani. Hutumiwa sana na watu wa kazi: seremala, fundi wa mabomba, mkandarasi mdogo, mkulima avutaye trela la ng'ombe. Ilitengenezwa na Chrysler, kampuni iliyofilisika mwaka 2009, ikaokolewa kwa fedha za serikali, kisha ikatwaliwa yote na Fiat ya Italia mwezi wa Januari 2014. Ikaitwa Fiat Chrysler. Na tangu mwaka 2021, ilipoungana na kampuni ya PSA ya Ufaransa, jina lake ni Stellantis.

Mwaka 2013 kampuni hiyo ilitangaza kwamba mamia ya maelfu ya magari yake ya mizigo yalikuwa na kasoro ya hatari, ikawaita wenyewe wayalete kwa mawakala yatengenezwe bure. Lakini kutangaza ni jambo moja, na kutenda ni jambo jingine. Wenye magari walilalamika kwamba vipuri havipatikani. Magari mengine yaliyokwisha kutengenezwa yalionekana bado hayajapona.

Tarehe 2 Julai 2015, idara ya serikali ya Marekani inayosimamia usalama wa barabara kuu iliitisha baraza la hadhara mjini Washington. Hapo ulichunguzwa mwenendo wa kampuni katika miito 23 ya kurudisha magari, miito iliyogusa magari zaidi ya milioni 11. Kabla mwezi ule haujaisha, kampuni ilikubali kwa maandishi kwamba ilivunja sheria: haikutengeneza magari kwa wakati na kwa ukamilifu, haikuwaarifu wenye magari na mawakala ipasavyo, wala haikuiarifu serikali ipasavyo.

Ikatozwa adhabu ya dola milioni 105, ambayo ilikuwa kubwa kuliko zote zilizowahi kutozwa na idara ile hadi siku hiyo. Milioni 70 zilikuwa za kulipa taslimu. Milioni 20 zilitengwa zitumike katika kazi za kusimamisha usalama. Milioni 15 zilizobaki ziliachwa zining'inie juu ya kichwa cha kampuni, ili izilipe kama ikionekana kuvunja tena ahadi yake. Akawekwa na msimamizi kutoka nje, aangalie kama maneno yanafuatwa na matendo.

Juu ya hayo yote likaja jambo la kununua magari tena. Wenye magari zaidi ya nusu milioni yaliyotajwa katika amri ile wangepewa hiari: gari litengenezwe bure, au mtengenezaji alinunue tena. Bei ikapangwa hivi: ichukuliwe bei ya kwanza ya kununulia, itolewe kiasi cha haki kwa ajili ya uchakavu, kisha iongezwe asilimia 10. Hiari hiyo ilikuwa kwa magari ambayo bado hayajatengenezwa. Kampuni ikasema kwamba zaidi ya asilimia 60 yalikuwa yamekwisha kutengenezwa, na kwamba yaliyobaki hayafiki 200,000.

CHUMA KIDOGO, HATARI KUBWA

Kasoro yenyewe ilikuwa nini? Katika magari mengi ilikuwa katika tairodi. Kila dereva na kila fundi wa gereji anaijua tairodi: ni fimbo ya chuma inayopeleka amri ya usukani mpaka kwenye magurudumu ya mbele. Dereva akikata kulia, boksi la usukani huisukuma fimbo hiyo, nayo huyageuza magurudumu. Fimbo ikikatika, dereva atashika usukani mzima mkononi lakini gurudumu halitamsikiliza. Kama gari liko uwanjani kwa mwendo wa miguu, hasara ni ndogo. Kama liko katika barabara kuu likiwa na mzigo mgongoni na trela nyuma, basi maisha ya watu yamo mikononi mwa bahati.

Katika magari mengine kasoro ilikuwa nyuma, ndani ya difu. Humo mna nati inayoshika gia ya pinioni. Nati ikilegea, ekseli ya nyuma yaweza kukwama ghafula gari likiwa katika mwendo, na dereva hawezi tena kulitawala.

Twayaeleza mambo haya ya ufundi kwa makusudi. Mwenye gari anayesoma barua ya kampuni huona maneno makavu: sehemu fulani yaweza kushindwa kufanya kazi. Maneno hayo hayamtishi mtu. Gari lake linawaka asubuhi, linapanda mlima, linabeba saruji, na jioni linamrudisha nyumbani. Hivyo huiweka barua mezani, akasema ataishughulikia mwezi ujao, kazi zikipungua. Lakini chuma hakingoji kazi zipungue. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wa tairodi hauachi hata muda wa kutafuta mawe ya ukuta.

MIZANI YA MWENYE GARI

Sasa na tumtazame mwenye gari mwenyewe, maana yeye ndiye aliyeachiwa kazi ya kuamua. Hatumtaji mtu, twamchukua fundi yeyote aliyenunua pikapu yake, tuseme, kwa dola 30,000. Kasha la zana limo nyuma, ngazi iko juu, na jina la kazi yake limeandikwa mlangoni. Mbele yake ziko njia mbili za halali, naye hana budi kuzipima kwa mizani iliyo sawa.

Kwanza, apime bei. Hesabu ya kampuni ilianza na bei ya kununulia, wala si bei ya sokoni ya siku ile. Kwa gari ambalo soko limelishusha sana, hesabu hiyo yaweza kumfaa mwenye gari. Lakini pikapu kubwa, hasa ya dizeli, hushika bei yake sokoni miaka mingi. Mwenye gari la namna hiyo aweza kukuta kwamba asilimia 10 ya nyongeza imemezwa na uchakavu uliotolewa kabla yake. Kwa hiyo asishangilie nyongeza kabla hajauliza: uchakavu umehesabiwaje, na nani aliyeuhesabu?

Pili, apime deni la benki. Gari lililokopewa si la dereva peke yake. Fedha za kampuni zikifika, benki hukata sehemu yake kwanza. Mtu aweza kukabidhi gari, akalipa deni, akarudi nyumbani kwa miguu bila gari na bila fedha za kutosha kuanza mkopo mwingine.

Tatu, apime siku za kazi. Gari jipya halipatikani kwa siku moja. Zana zitakaa wapi? Mteja aliyeahidiwa Jumatatu atangoja? Mwenye mshahara wa mwezi hawezi kuijua adha hii kama aijuavyo mtu ambaye siku asiyofanya kazi ni siku asiyokula.

Nne, apime imani yake katika matengenezo. Kama kipuri kipya kipo, kimethibitishwa, nacho chafungwa na fundi mwenye ujuzi, basi kutengeneza ni jambo la busara, maana gari analolijua mtu ni bora kuliko deni asilolijua. Lakini kama ameambiwa angoje kipuri mwezi wa kwanza, na wa pili, na wa tatu, au kama wenzake walikwisha kutengenezewa na ubovu ukarudi, kwa nini aendelee kuweka rehani uhai wake?

Tano, na hili ndilo zito kuliko yote, apime wasiokuwamo katika hesabu. Abiria aliyeketi kando yake hakupata barua yoyote. Mama anayevuka barabara na mtoto mgongoni hakuulizwa kama anapenda kutengeneza au kuuza. Fedha za gari ni za mwenye gari, lakini hatari ya gari ni ya watu wote.

Rai yetu ni hii. Palipo na matengenezo ya hakika, mwenye gari atengeneze, tena kwa haraka. Pasipo na matengenezo ya hakika, auze kwa mtengenezaji na kudai hesabu iliyo wazi. Lakini ziko njia mbili nyingine ambazo si halali mbele ya dhamiri, ingawa watu wengi huzifuata. Moja ni kuifungia barua kabatini na kuendelea kuendesha. Nyingine ni kulipaka gari nta na kuliuza kimya kimya kwa mtu mwingine asiyejua. Ajabu ni kwamba sheria ya taifa ya Marekani haikuwakataza wauza magari yaliyotumika kuuza gari ambalo kasoro yake iliyotangazwa haijatengenezwa. Huko ndiko kumhamishia ndugu yako kaburi ulilochimbiwa wewe, na kumtoza fedha juu yake.

NANI ALIYELAZIMISHA?

Wako watakaosema kwamba mtengenezaji anayekubali kulinunua tena gari lake ni muungwana, na mwenye gari hana budi kushukuru. Sisi hatukubali. Kampuni haikuamka asubuhi moja ikiwa imejaa huruma. Iliitwa barazani na serikali, ikasomewa mashtaka mbele ya watu, ikakubali masharti. Bila nguvu ile, mwenye gari mmoja mmoja angeendelea kupiga simu kwa wakala na kuambiwa kipuri kiko njiani.

Wala nguvu ile haikushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1965 mwanasheria kijana Ralph Nader alitoa kitabu kilichoyashtaki makampuni ya magari kwamba yanajua hatari na kuzinyamazia. Mwaka 1966 Rais Lyndon Johnson akatia sahihi sheria ya usalama wa magari, na watengenezaji wakapaswa kuwaarifu wanunuzi juu ya kasoro. Lakini kuarifiwa si kutengenezewa. Ilichukua mpaka mwaka 1974 sheria irekebishwe, na gharama za kuondoa kasoro ziwekwe juu ya mtengenezaji.

Sheria hiyo yataja njia tatu: kutengeneza gari, kulibadilisha kwa jingine, au kurudisha bei baada ya kutoa kiasi cha haki cha uchakavu. Kuchagua katika hizo tatu, kwa kawaida, ni kwa mtengenezaji, naye kwa kawaida huchagua iliyo nafuu kwake. Ndiyo sababu amri ya mwaka 2015 ilikuwa jambo kubwa: iliuondoa uchaguzi mezani kwa tajiri ikauweka mkononi mwa mtu mwenye gari. Kwetu sisi, hiari ile ilikuwa na thamani kuliko ile asilimia 10.

Hata hivyo twaona dosari moja, nasi hatutaificha. Mtu aliyetii wito wa kwanza, akaacha kazi zake na kupeleka gari mapema, hakuwa katika kundi la kuuza tena. Aliyechelewa ndiye aliyepewa hiari. Haki ikicheleweshwa huwa na kawaida ya kumwadhibu mtiifu. Lawama hiyo haimwangukii mwenye gari aliyechelewa, ambaye pengine alikuwa akingoja kipuri. Yamwangukia yeye aliyechelewesha dawa.

Wala mtu asije akamtupia lawama mfanyakazi wa kiwandani. Mwenye kukaza nati katika mstari wa kuunganisha magari hachagui unene wa fimbo, hachagui wa kumwuzia vipuri, wala haandiki barua kwa wateja. Maamuzi hayo hufanywa katika ofisi zenye mazulia. Lakini kiwanda kikipata hasara, mara nyingi wa kwanza kuambiwa afunge mkanda ni yule mwenye spana.

KUTU YA TOYOTA

Ili msomaji asidhani kwamba twaionea kampuni moja, tutazame nyingine. Katika majimbo yenye baridi kali ya Marekani, chumvi humwagwa barabarani wakati wa theluji ili barafu iyeyuke. Chumvi hiyo huila chasisi ya gari kutoka chini, mahali mwenyewe asipopaona. Pikapu za Toyota Tacoma zilizotengenezwa miaka ya 1995 hadi 2000 zilionekana kuoza chasisi kiasi cha kutoboka.

Mwezi wa Machi 2008 Toyota ilitangaza kwamba gari la miaka hiyo ambalo chasisi yake imetobolewa na kutu litatengenezwa au litanunuliwa tena, kwa muda wa miaka 15 tangu lilipouzwa mara ya kwanza. Bei yake ilikuwa mara moja na nusu ya bei ya gari zuri la aina hiyo katika kitabu cha bei za magari yaliyotumika. Hiyo ilikuwa bei ya ukarimu kupita ile ya Ram, maana mtu mwenye gari kuukuu lililooza alilipwa kuliko ambavyo soko lingemlipa kwa gari zima. Twaipa kampuni hiyo sifa inayostahili.

Lakini ukarimu wa mtu mmoja kwa siku moja si sheria. Wenye magari ya miaka ya baadaye waliopatwa na kutu ile ile iliwapasa kwenda mahakamani kwa pamoja. Mwezi wa Novemba 2016 Toyota ikakubali mapatano yaliyokadiriwa kufika dola bilioni 3.4, kuhusu magari kama milioni 1.5 ya Tacoma, Tundra na Sequoia, ingawa haikukiri kosa. Chasisi zikaguliwe, na zilizotoboka zibadilishwe. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mwenye gari mmoja angekwenda mahakamani dhidi ya kampuni ile, mawakili wake wangemaliza thamani ya gari kabla hakimu hajavaa miwani.

BARUA ISIYOFIKA KWETU

Msomaji wetu atauliza: haya ya Marekani yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa hushuka magari yaliyotumika, mengi yao kutoka Japani. Gari likiisha kuvuka bahari, jina la mwenye gari katika daftari la mtengenezaji hubaki la yule wa kwanza. Barua ya kumwita arudishe gari, kama ikiandikwa, hupelekwa Osaka au Nagoya, wala haiji Mbagala wala Kisumu. Dereva wetu huendesha bila kujua kama chombo chake kimekwisha kutangazwa kuwa ni cha hatari. Wala hakuna atakayemletea bei ya kununua tena ili aanze kuipima.

Sheria hatukukosa kabisa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 46, yampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kulindwa afya na usalama wake, na haki ya fidia kwa hasara itokanayo na kasoro. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 iliyounda Tume ya Ushindani, na kazi ya Tume hiyo ni pamoja na kumlinda mlaji. Lakini haki iliyoandikwa kitabuni bila mtu wa kuidai ni kama gari zuri lisilo na dereva.

Kwa hiyo twashauri mambo matatu ambayo wanachama wetu waweza kuyaanza bila kungoja mtu. La kwanza: yeyote anunuaye gari lililotumika, kabla hajalipa, achukue nambari ya chasisi na kumtaka muuzaji amwonyeshe kwa maandishi kama gari hilo limewahi kuitwa na mtengenezaji, na kama lilitengenezwa. Watengenezaji wengi wana daftari la kuulizia jambo hilo kwa nambari. Muuzaji anayekataa kuuliza amekwisha kujibu.

La pili: vyama vya madereva na vyama vya ushirika vya wenye malori viwe na daftari moja la nambari za magari ya wanachama, na katibu mmoja mwenye kazi ya kuuliza kila baada ya miezi michache. Kazi hiyo yahitaji kalamu, simu na mtu mwaminifu.

La tatu: vyama hivyo vidai kwa sauti moja kwamba mwagizaji wa magari asiishie kupokea fedha bandarini tu, bali abebe pia wajibu wa kuwatafuta wanunuzi wake kasoro inapotangazwa. Faida ya kuuza ni yake. Na taabu ya kuita iwe yake pia.

Siku itakapofika ambapo mwenye lori wa Tandika ataletewa barua ya kumwita, na fedha zikawekwa mezani, asiinamishe kichwa kama mtu aliyepewa sadaka. Asome hesabu mstari kwa mstari, aulize uchakavu umetolewaje, aulize kipuri kiko wapi, awaulize wenzake katika chama wamejibiwa nini. Kisha atie sahihi au akatae, kama mdai aliyekuja kuchukua kilicho chake.